Tangawizi au mchaichai: kipi kwa shida ipi?

Kuanzia Juni hadi Agosti, jikoni kwa watu wengi wa Mbeya, Njombe na Iringa hakukosekani vitu viwili: kipande cha tangawizi kilichokwisha kumegwa upande mmoja, na shada la mchaichai. Vyote huingia kwenye chai, vyote huitwa dawa, na mtu akipiga chafya tu anaambiwa achemshe kimojawapo kabla hajaulizwa anaumwa nini. Lakini havifanyi kazi moja. Tangawizi imejaribiwa kwa binadamu mara nyingi, na yapo matatizo machache ambayo inayasaidia kweli. Mchaichai ni kinywaji kizuri ambacho sifa zake zimetangulia mbali mbele ya ushahidi.

Kwa asiye na muda, jibu langu ni hili. Kichefuchefu na maumivu ya hedhi: tangawizi. Kikombe cha usiku, au kikombe cha mtu mwenye kiungulia: mchaichai. Mafua: chochote ulichonacho mradi kiwe cha moto, na kikiwa na asali ndani ni bora zaidi. Homa: hakuna hata kimoja, nenda ukapime. Yanayofuata ni sababu na masharti, maana masharti ndiyo husahaulika.

## Moja huchemshwa, mwingine hufunikwa

Tangawizi ni shina linalotambaa chini ya udongo, na asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Inataka joto na mvua, ndiyo maana Same, kwenye milima ya Upare, hulimwa kwa wingi ilhali mtu wa Makete anainunua sokoni. Mchaichai ni nyasi. Nao hauipendi sakitu, ila si msumbufu: Kyela na Tukuyu hustawi bila kubembelezwa, na miteremkoni hupandwa kwenye kingo za matuta ili mizizi yake ishike udongo. Ukiishi kwenye baridi kali, uoteshe jirani na ukuta unaopata jua la asubuhi.

Ukali wa tangawizi unatokana na kemikali ziitwazo jinjaroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjaroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Kwa hiyo unga wa tangawizi si tangawizi mbichi iliyopungua maji tu. Tabia yake imebadilika kidogo, na wengi huisikia kooni. Kemikali hizi haziondoki kirahisi na mvuke, hivyo tangawizi inastahimili kuchemka dakika 10 hadi 15, na inahitaji hivyo ili itoe kilichomo.

Mchaichai ni kinyume chake. Harufu yake, na karibu kila sifa inayotajwa juu yake, imo kwenye mafuta yenye sitrali, na mafuta hayo hupanda na mvuke. Nyumba nzima ikinukia wakati mchaichai unachemka bila mfuniko, ujue ulichotaka kukinywa kinakwenda darini. Ponda kidogo sehemu nene ya chini ya bua, mwagia maji yaliyochemka, funika kwa dakika 10, basi.

Na kuna jambo la kwetu sisi wa milimani. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Mchaichai haujali. Tangawizi iongezee dakika chache zaidi ya zile anazokwambia shangazi yako wa Dar es Salaam.

## Kichefuchefu: hapa hakuna ubishi

Hapa tangawizi inashinda, na mchaichai hata kwenye mashindano haumo.

Tuanze na mama mjamzito wa miezi ya mwanzo. Mwaka 2001, huko Thailand, wanawake 70 wenye kichefuchefu cha ujauzito waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa unga wa tangawizi gramu 1 kwa siku, jingine vidonge visivyo na dawa. Ndani ya siku nne kundi la tangawizi lilikuwa na nafuu ya wazi, kichefuchefu na kutapika vyote vikipungua. Mwaka 2004 watafiti wa Australia walichukua wanawake 291 na kuishindanisha tangawizi na vitamini B6, ambayo hospitali huitoa kwa tatizo hilohilo. Matokeo yakawa sare. Leo miongozo ya madaktari wa uzazi wa Marekani na Uingereza inaitaja tangawizi kama njia ya kujaribu kwa kichefuchefu kisicho kikali. Mmea wa jikoni kufika kwenye miongozo ya namna hiyo si jambo la kila siku.

Namna inavyofanya kazi imeeleweka kwa kiasi. Huharakisha tumbo kumwaga chakula kwenda kwenye utumbo, na hugusa vipokezi vya serotonini, vilevile ambavyo dawa ya hospitali ya kuzuia kutapika iitwayo ondansetroni huvilenga.

Sasa kipimo, na hapa ndipo chai yetu inapoumbuka. Gramu 1 ya unga wa tangawizi ni kama nusu ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Tangawizi mbichi kwa sehemu kubwa ni maji, takriban asilimia 80, kwa hiyo gramu 1 ya kavu inatoka kwenye gramu 5 hivi za mbichi, yaani kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Hicho ni cha mtu mmoja kwa siku, na ukikichemsha si vyote vinavyotoka na kuingia kwenye maji. Chukua chupa ya chai ya lita moja na nusu, vipande viwili vyembamba vya tangawizi, na watu sita wa kuinywa. Ni chai tamu. Kuiita dawa ya kichefuchefu ni kuisingizia. Mama anayetaka msaada ajipimie chake: ile nusu ya kijiko cha unga aigawe mara nne kwa siku, kwenye uji mwepesi au maji ya moto. Soda ya tangawizi ya dukani usiihesabu. Ndani yake sukari ndiyo nyingi.

Masharti. Asizidi gramu 1 kwa siku wakati wa ujauzito, na awaambie wahudumu wa kliniki kwamba anaitumia. Aliyewahi kutokwa damu katika mimba hii, au aliyekaribia kujifungua, aulize kwanza. Akitapika kiasi kwamba hata maji hayakai, mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito, uzito ukapungua, hiyo si kazi ya tangawizi tena. Anahitaji kuwekewa dripu. Na kichefuchefu chenye homa kwa mtu aliyetoka Kyela, au sehemu yoyote ya joto kando ya Ziwa Nyasa, ni malaria hadi kipimo kiseme vinginevyo. Watu wa Mbeya mjini hujisahau kwa kuwa huku juu mbu wa malaria ni wachache, lakini mgonjwa ndiye aliyesafiri, hakuuacha ugonjwa Kyela.

Kisha wapo wasafiri. Anayepanda basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam anazijua kona za Kitonga, na utingo anajua zaidi, ndiye anayegawa mifuko. Barabara ya Mbeya kwenda Chunya nayo haina huruma. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani waliwaweka kwenye kiti kinachozunguka watu 36 wanaotapika upesi safarini. Waliomeza takriban gramu 1 ya unga wa tangawizi walivumilia kuliko waliopewa dimenhidrineti, dawa maarufu ya safari. Mwaka 1988 wanafunzi 80 wa jeshi la majini la Denmark walijaribiwa baharini, na tangawizi ikapunguza kutapika na jasho la baridi. Majaribio mengine hayakuona tofauti kubwa, kwa hiyo usiahidiwe muujiza. Lakini tangawizi haikuletei usingizi kama dawa nyingi za safari, na kwa mtu atakayeshuka njiani na mizigo hilo ni jambo kubwa. Imeze karibu saa moja kabla ya kona zenyewe. Kutafuna kipande gari likiwa tayari linapinda ni kuchelewa.

Kwa wagonjwa wa saratani wanaopata tibakemikali, utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2012, wenye wagonjwa 576, uliona nafuu kwa nusu gramu hadi gramu 1 kwa siku. Walianza siku tatu kabla ya tiba, na waliitumia pamoja na dawa za hospitali za kuzuia kutapika, si badala yake. Mgonjwa wa aina hii asiamue mwenyewe. Daktari wake ajue.

## Maumivu ya hedhi

Mwaka 2009 watafiti wa Iran waliwagawa wanafunzi 150 wa kike makundi matatu: tangawizi miligramu 250 mara nne kwa siku, asidi ya mefenamiki, na ibuprofeni (hizi mbili ni dawa za maumivu), kwa siku tatu tangu damu inapoanza. Nafuu ililingana. Tafiti nyingi za eneo hili ni ndogo na za muda mfupi, kwa hiyo mtu asiape kwa jina lake. Hata hivyo, kwa binti ambaye ibuprofeni inamchoma tumbo, ningemshauri ajaribu tangawizi miezi miwili au mitatu, akianza siku ileile ya kwanza bila kungoja maumivu yapande.

Mchaichai hapa ni joto la kikombe tu, na chupa ya maji ya moto juu ya tumbo inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Dada ambaye kila mwezi analala kitandani na kukosa shule au kazi asifarijiwe kwa chai yoyote. Kuna magonjwa kama endometriosi ambayo hukaa miaka bila kutambuliwa kwa sababu kila mama wa nyumbani anasema ni kawaida.

## Mafua, kifua na nyungu

Hili ndilo tatizo linalouza tangawizi nyingi zaidi wakati wa kipupwe, na ndilo ambalo tofauti ya viwili hivi ni ndogo kuliko zote. Mwaka 2008, Cardiff huko Uingereza, watu 30 wenye mafua walipewa juisi ya matunda, wengine ya moto, wengine ya joto la chumba. Hewa iliyopita puani ilipopimwa haikubadilika. Lakini waliokunywa ya moto walisema pua, kikohozi, koo, baridi na uchovu vyote vimepungua, na waliokunywa ya joto la chumba walipata nafuu chache. Juisi ileile. Kilichofanya kazi ni moto.

Kwa hiyo bibi anayekusukumia kikombe cha moto hakosei. Anakosea akisema ni lazima kiwe cha jani fulani. Tangawizi inaongeza mwasho unaoleta mate na kulainisha koo lililokauka, jambo ambalo wanakwaya wanalijua tangu zamani. Chungulia mifuko yao kabla ya ibada ya pili. Mchaichai unaongeza harufu. Limau linaongeza ladha. Asali ndiyo yenye ushahidi: kwa mtoto anayekohoa usiku, kijiko cha asali kabla ya kulala hupunguza kikohozi kuliko kutompa kitu, na nyanda hizi hazina shida ya asali. Ila mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe kamwe, hata tone la kulamba kidoleni, kwa sababu asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ya botulini kwenye utumbo wa mtoto mchanga.

Nyungu inastahili aya yake. Mchaichai, majani ya mkaratusi, mlimao na mpera kwenye sufuria, blanketi kichwani: wazee walifanya hivyo, na mwaka 2020 na 2021, wakati wa Uviko, nchi nzima ilirudi humo. Mvuke hulowanisha pua na mtu hujisikia mwepesi kwa muda. Hauui kirusi chochote ndani ya mwili, na tafiti za mvuke kwa mafua ya kawaida hazikuonyesha faida ya kutegemea. Upande wa pili wa mizani kuna maji yanayochemka katikati ya miguu ya mtu aliyefunikwa blanketi. Watoto huungua kwa namna hii. Mtu mzima akitaka, aweke sufuria mezani, si sakafuni, na asijifunike. Mtoto, hapana.

Vivyo hivyo, usimpake mtoto mchanga dawa ya menthol puani au karibu na pua. Inaweza kumziba pumzi.

Na kabla ya kuchemsha chochote, angalia jiko lenyewe. Njombe na Makete watu huingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha. Moshi unakohoza, na gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa, monoksidi ya kaboni, inaua bila harufu. Kikohozi cha namna hiyo hutibiwa kwa kulitoa jiko nje. Kikohozi kilichofika wiki mbili kinatakiwa kupimwa kifua kikuu. Mtoto anayepumua haraka, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa, apelekwe hospitali usiku huohuo, na aliyemshika asisubiri chai ipoe.

## Tumbo kujaa na kiungulia

Kwa tumbo lililoshiba ugali na maharage hadi likakaza, tangawizi ina mantiki, kwa sababu ya ule mwendo wa kuharakisha tumbo kujimwaga. Lakini tangawizi hiyohiyo, hasa ya unga na kwenye tumbo tupu, huwachoma wengine na kuwaletea kiungulia. Hao wahamie kwenye mchaichai. Hautibu, ila hauchochei.

Mnanaa husifiwa sana kwa tumbo, na una sehemu yake: mafuta ya mnanaa yaliyowekwa kwenye vidonge vinavyopasukia utumboni yamesaidia wenye utumbo unaojikunja na kuuma mara kwa mara. Kwa mwenye kiungulia ni kosa, kwani hulegeza mlango kati ya tumbo na umio, asidi ikapanda.

Vidonda vya tumbo vipo nje ya ushindani huu kabisa. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye hupimwa na kutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa kwa siku kadhaa. Choo cheusi kama lami ni dharura.

## Usingizi, presha na figo

Mchaichai una sifa ya kutuliza akili na kuleta usingizi, hapa kwetu na Brazili pia. Wabrazili wenyewe waliamua kuipima sifa hiyo. Mwaka 1986 walichapisha matokeo: watu wenye afya walikunywa chai ya mchaichai, na haikuonekana kuleta usingizi wala kupunguza wasiwasi. Haikuwadhuru pia. Mimi bado ningeuchagua usiku, kwa sababu nyingine kabisa: hauna kafeini. Anayehama kutoka chai ya rangi ya Mufindi au Rungwe iliyokolea saa mbili usiku na kunywa mchaichai mtupu atalala vizuri zaidi, na shukrani ziende kwa chai aliyoiacha.

Sifa ya pili ni kwamba mchaichai "unasafisha figo". Hapa ningependa watu wasimame kidogo. Mchaichai unaongeza mkojo, na mkojo mwingi huonekana kama usafi. Lakini utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 2015 uliwapa watu 105 chai ya unga wa mchaichai, gramu 2, 4 au 8, kila siku kwa siku 30, na uwezo wa figo kuchuja ukashuka, zaidi kwa waliokunywa kingi. Ni utafiti mmoja, na kikombe cha majani mawili matatu jioni si gramu 8 za unga kila siku. Hata hivyo unatosha kumwambia mwenye ugonjwa wa figo, au mwenye sukari na presha za miaka mingi, asiufanye mchaichai mzito kuwa dozi ya mwezi mzima kwa nia ya kujisafisha. Kinywaji, ndiyo. Tiba ya figo, hapana.

Kwa presha, kati ya viungo vya jikoni kitunguu saumu ndicho chenye ushahidi wa maana zaidi, na hata chenyewe kinashusha kidogo tu. Tangawizi inashusha pungufu hata ya hapo, ikiwa inashusha. Mzee aliyeandikiwa vidonge vya presha akaviacha kwa sababu jirani amempa mchanganyiko wa tangawizi na vitunguu saumu anacheza na kiharusi.

## Ukiwa unatumia vidonge

Hapa ndipo mizani inapogeuka. Tangawizi ina nguvu ya dawa kiasi fulani, na kwa sababu hiyohiyo inaweza kugongana na dawa. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asitumie unga au vidonge vya tangawizi bila kumuuliza daktari. Kipande kidogo kwenye mboga si tatizo. Anayetumia dawa za sukari ajue kwamba dozi kubwa ya tangawizi inaweza kushusha sukari kidogo juu ya dawa zake. Aliyepangiwa upasuaji, aache vidonge vya tangawizi na vya kitunguu saumu wiki moja au mbili kabla, na amwambie mtoa usingizi. Mchaichai wa kawaida kwenye kikombe una mambo machache ya kuogopa hapa, na ndiyo maana kwa mzee mwenye mfuko uliojaa dawa ningeuelekea huo.

Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU Tanzania Bara, kwa hiyo neno kwa wanaotumia ARV si la pembeni. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliona kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza karibu nusu ya kiwango cha dawa ya VVU iitwayo sakwinaviri kwenye damu. Dawa hiyo ni ya zamani, si ile wengi wanayomeza leo. Lakini inaonyesha kwamba mmea wa jikoni, ukikusanywa kwenye vidonge vikali, unaweza kuiondolea dawa nguvu bila mgonjwa kuhisi lolote. Kitunguu saumu kwenye mchuzi, kula kwa amani. Vidonge vyake au chupa ya mchanganyiko, onyesha kwanza pale unapochukulia dawa zako.

Kingine ambacho hakisemwi vya kutosha: mama aliyepewa vidonge vya kuongeza damu asivimeze na chai ya rangi, iwe na tangawizi au isiwe nayo. Chai yenyewe huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Avimeze na maji, chai ije saa moja au mbili baadaye.

## Sokoni

Ukienda soko la Mwanjelwa, Mbeya, chagua tangawizi nzito na ngumu, yenye ngozi iliyokaza. Iliyosinyaa na nyepesi imekauka ndani, na yenye ukungu kwenye vifundo usiikate ukungu ukala kilichobaki. Mbichi ni ya chai na mboga. Kwa kichefuchefu, ambako kipimo ni muhimu, unga ni rahisi kupima, ila unga uliokwisha sagwa ni rahisi pia kuchakachuliwa. Nunua iliyokaushwa nzima usage mwenyewe, au peleka yako mashineni. Vidonge vya duka la dawa vina faida moja, kwamba miligramu zimeandikwa. Ulipe kwa faida hiyo kama unaihitaji kweli.

Mchaichai haununuliwi na mwenye kiwanja. Omba shina moja kwa jirani, lichomeke, na baada ya mvua utakuwa unagawa wewe. Kata jani bichi unapotaka kunywa. Lililokauka juani wiki nzima limekwisha kupoteza mafuta mengi.

Vilivyobaki ni vile vya chupa: tangawizi, kitunguu saumu, asali, limau na "siri ya mtengenezaji", vinavyouzwa stendi na kwenye mabasi kwa magonjwa kumi na mawili kwa pamoja, presha, sukari, mgongo, na nguvu za kiume mwishoni kwa sauti ya chini. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linaloisimamia, na muuzaji anayefuata sheria anaweza kukuonyesha usajili wake. Muulize. Kwa zile za nguvu za kiume uliza mara mbili, kwa sababu mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuwa zikikamata bidhaa zinazoitwa za mitishamba zilizotiwa kwa siri sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, na sildenafili kwa mtu anayetumia dawa za nitrati za moyo inaweza kumwangusha presha hadi kifo. Chupa ikikupa matokeo ndani ya saa moja, matokeo ambayo tangawizi ya nyumbani kwako haijawahi kuyatoa, usiinunue tena, na mwambie daktari ulichokunywa.